Ringi za Ukutani

Wateja wangu wengi huleta baiskeli ikiwa imeshakata roho. Wanaisukuma mpaka mlangoni, wanaiegemeza ukutani, halafu wanasema, "Fundi, itazame kidogo tu," utadhani nina dawa ya kufufua. Breki hazishiki, cheni imekauka mpaka inapiga kelele, matairi yamelika mpaka nyuzi zinachungulia nje. Nikiuliza matatizo yalianza lini, wanajibu jana. Mimi sina subira na watu wa jana. Ndiyo maana nilimpenda Gia Moja tangu siku ya kwanza, ingawa mwenyewe hakuwa na habari na kupendwa kwangu.

Jina hilo nilimbandika mimi, na hakuwahi kulisikia kwa sababu masikio yake yalishakwisha. Alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na mitatu alisimama kando ya mtambo unaonguruma kutwa nzima. Siku ya kustaafu kiwanda kikampa saa ya ukutani, masikio yakabaki kwenye mtambo. Baiskeli yake ilikuwa ya mbio, fremu nyembamba ya chuma, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, lakini ya gia moja tu. Meno mbele, meno nyuma, cheni katikati, basi. Mlima ukija, unasimama juu ya pedali na kumwomba Mungu. Na mwenyewe alikuwa hivyohivyo, mwendo mmoja kutwa nzima, na maneno matano kwa wiki, sita akichangamka.

Kila Jumamosi saa tatu kamili asubuhi alipita kwenye karakana yangu. Alisimama mguu mmoja chini, mimi nikamdondoshea tone la mafuta kwenye cheni hata kama cheni haikuhitaji, yeye akashukuru kwa kichwa, kisha akashika njia ya bwawani. Kilomita ishirini kwenda, ishirini kurudi. Miaka mitano niliyokuwa pale sikuwahi kumwona na mtu, si wa kwenda naye wala wa kumpokea.

Jumatatu moja akaja akiisukuma. Nikaacha pancha niliyokuwa naziba, maana Gia Moja na Jumatatu walikuwa hawajuani.

"Inalia," akaniambia kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

"Inaliaje?"

"Sijui. Dereva wa teksi amenisimamisha, akaniambia mzee, baiskeli yako inalia."

Nikaipindua, nikazungusha gurudumu la nyuma. Tik, tik, tik. Nikalisimamisha, nikapitisha ukucha kwenye ubavu wa ringi, pale raba za breki zinapobana. Miaka ya kufunga breki ilikuwa imechimba bonde. Na penye tundu la spoki moja palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa kucha. Ya mbele haikuwa na ufa bado, lakini ubavu wake ulikuwa umebaki kama bati la kopo.

Maneno mafupi aliyasoma midomoni mwangu, mengine tulizungumza kwa kipande cha boksi na kalamu nene. Nikaandika: RINGI ZIMEKUFA. ZOTE MBILI. Akasoma, akarudia kusoma kama anayesaka kosa la chapa.

"Hazinyoosheki?"

Nikaandika: HAZINYOOSHEKI. UKIENDELEA UTALETWA KWENYE MKOKOTENI.

Sasa, kuchagua magurudumu ya baiskeli ya namna ile si kazi ya kuingia dukani na kunyoosha kidole. Ringi zake zilikuwa za inchi ishirini na saba, saizi ya zamani. Siku hizi madukani wanauza zinazoitwa mia saba. Jina kubwa, lakini ringi yenyewe ni ndogo kidogo kuliko yake, milimita nne tu ukipima kutoka katikati. Kwa binadamu milimita nne si kitu. Kwa breki ni safari. Raba haziifikii ringi, zinakamata tairi, na tairi likishikwa hivyo mteremkoni linachanika, na mwenye baiskeli naye anachanika. Raba zake nilikuwa nimeshaziteremsha mpaka mwisho, hapakuwa na nafasi tena. Kwa hiyo ukimtia mia saba, unambadilishia na breki. Halafu magurudumu ya siku hizi ya nyuma ni mapana katikati, yametengenezwa kubeba gia nyingi, kwa hiyo ingebidi nipanue fremu kwa nguvu. Chuma cha miaka yote ile! Sikutaka kukisikia kikilia mikononi mwangu.

Nikamwekea mezani nilichokuwa nacho. Jozi moja ya mia saba, nyeusi, inang'aa, matairi membamba kama kidole, ya wale wanaovaa nguo za kubana na kunywa maji kwa mrija. Jozi nyingine ya chuma, ya baiskeli za mizigo, ambayo ningeweza kuilazimisha iingie lakini ingekuwa kama kumvisha mtu viatu vya saruji. Za saizi yake hazikuwepo. Niliwapigia mafundi wenzangu watatu, wote wakanicheka.

Yeye akayachunguza moja moja. Akabonyeza matairi kwa dole gumba. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mteja mwingine akilifanya. Aliegemeza ekseli kwenye kidevu chake, akalizungusha gurudumu, akafumba macho. Mimi husikiliza gololi kwa sikio, yeye alizisikiliza kwa mfupa.

"Nyumbani ninazo," akasema.

"Una nini?"

"Ringi. Saizi yangu. Nzima."

Nikatupa kalamu mezani. Muda wote ule nahangaika na simu, kumbe anazo! Nikaandika kwa herufi kubwa kuliko ilivyostahili: SI UZILETE!

Akakunja uso. "Si zangu," akasema, akachukua baiskeli yake, akaisukuma kurudi alikotoka.

Jumatano alikuja tena kuzitazama mia saba. Alhamisi akaja kuuliza breki ndefu, za kuifikia mia saba, zipoje, nikamwonyesha, akashukuru, akaondoka. Ijumaa akashika tairi jembamba, akaliweka, akashika nene, akaliweka, akaondoka. Nilianza kuona ananichezea. Mtu ana ringi nzima nyumbani, anakuja kunikodolea macho bidhaa zangu kutwa.

Jumamosi ikafika. Saa tatu kamili nikainua kichwa kwa mazoea, na kweli akawa anapita. Anatembea kwa miguu. Amevaa viatu vyake vya baiskeli, amebana suruali kwa kile kibanio chake cha mguu wa kulia, hana baiskeli. Alininyanyulia mkono, akaendelea na njia ya bwawani mpaka kwenye kona, akasimama pale kidogo, kisha akageuka akarudi nyumbani. Nilijisikia vibaya, na mimi nikijisikia vibaya hukasirika. Nikafunga karakana, nikamfuata, nikamwambia kwa ishara kwamba leo tunakwenda kwake, nikazione hizo ringi kwa macho yangu.

Alikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na ngazi zenyewe zilikuwa za kumaliza pumzi. Alipofungua mlango niliona meza yenye viti viwili. Kimoja kilikuwa kimechakaa mto, cha pili kilibeba magazeti yaliyopangwa vizuri. Kikombe kimoja kilikuwa kimepinduliwa juu ya kitambaa. Saa ya kiwanda ilikuwa ukutani, inakwenda, na nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kuisikia humo ndani. Kalenda alizozichapa mwenyewe zilining'inia mstari mzima, za miaka iliyopita, kila moja imeachwa kwenye mwezi wa Desemba.

Na ukutani mkabala na dirisha, juu ya vyuma viwili, ilitundikwa baiskeli. Ilikuwa ndugu wa ile yake, gia moja, fremu fupi zaidi, nyekundu, lakini magurudumu saizi ileile. Haikuwa na vumbi hata chembe. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye tairi, kama unavyokwenda kila siku, nikabonyeza. Gumu kama jiwe.

Nawaambia kama fundi: baiskeli isipopandwa, tairi halikai na upepo. Kwa wiki chache tu linakuwa kama kitambi. Nikamwandikia: ANAIPANDA NANI?

"Hakuna. Ni ya binti yangu. Yuko mbali, nchi ya watu. Mwaka wa saba huu."

NA UPEPO?

"Najaza mimi. Kila Jumamosi, kabla sijajaza ya kwangu."

Nikatazama cheni. Ilikuwa na mafuta mapya. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Akija aikute tayari," akasema. "Zamani tulikuwa tunakwenda wote bwawani. Yeye mbele. Alikuwa ananisubiri kileleni ananicheka."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona gurudumu la nyuma, na jicho la fundi halina adabu. Kile kimdomo cha tyubu cha kupitishia upepo, valvu, hukaa penye nafasi, katikati ya spoki mbili zilizoachana, ili kichwa cha pampu kiingie bila taabu. Anayesuka ringi, yaani anayezipanga spoki zake, akianza na tundu lisilo lake, valvu inaangukia pale spoki zinapopishana, na kila siku ya kujaza upepo ni kuingiza vidole kwenye mtego. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikacheka, nikaandika: NANI ALISUKA HII? ALIKUWA AMEFUMBA MACHO?

"Mimi," akasema haraka.

Nilijua ni uongo. Ringi zake zile zilizokufa alizisuka mwenyewe, nilishazishika mara ngapi sijui, na zilikuwa na valvu mahali pake, spoki zimekaza sawasawa zote. Lakini nikaacha. Nikaandika: ZINAKUFAA. MWOMBE BINTI, NIFUNGE LEO.

Akakaa kwenye kiti chake, akatazama lile boksi langu.

"Nikimwuliza, atanijibu," akasema.

"Si ndiyo maana ya kuuliza?" nikasema kwa mdomo, na nadhani alinisoma midomo, maana akatikisa kichwa. Halafu akazungumza, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Kila mwaka anasema mwakani. Mimi sijawahi kumwuliza mwakani ipi. Akisema usizichukue, ujue ana nia ya kurudi. Akisema chukua, basi, harudi. Kwa nini nimwulize, fundi? Nimekaa miaka saba vizuri tu bila kumwuliza."

Nilipaswa kumwachia. Mpaka leo naliwaza hilo nikiwa peke yangu na spana yangu. Badala yake nikaandika: KWA HIYO UTATEMBEA KWA MIGUU MPAKA LINI?

Alisoma kama anavyosoma kila kitu, polepole, mara mbili. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia binti yake kwa video ili amsome midomo. Kwa ajili ya masikio yake aliifungua sauti mpaka mwisho, akaishika mbele ya uso kama sahani. Nikataka kutoka nje, akanizuia kwa mkono.

"Baba! Shikamoo! Kuna nini?" Sauti ya mwanamke mzima, anayejua kumpigia kelele baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Ringi za baiskeli yangu zimepasuka."

"Pole! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Niko na fundi hapa. Anasema za kwako zinanifaa. Nikasema nikuulize kwanza."

"Za kwangu zipi?"

"Za baiskeli yako."

"Ile nyekundu? Ipo bado?"

Mzee akaitazama ukutani. "Ipo."

"Jamani, baba. Mimi nilijua ulishampa mtu zamani. Chukua! Chukua zote mbili, chukua na cheni. Hilo nalo la kuuliza?"

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Chukua tu." Kisha sauti ikashuka, akakumbuka, akaipandisha tena. "Baba, nilikuwa nikuambie kesho nikikupigia. Tumepata nyumba huku. Yetu wenyewe. Mtoto naye ameanza shule, ameipenda. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo," baba yake akasema.

"Utakuja wewe, baba. Nitakutumia tiketi."

"Nitakuja," akasema, kama mtu anavyomwambia muuza duka kwamba atarudi.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Lakini yule binti akacheka ghafla kule aliko.

"Ila baba, ile ya nyuma itakusumbua kujaza upepo. Valvu niliibana chini ya spoki."

Simu nusura imponyoke. "Nani alikuambia?"

"Niliona mwenyewe, siku ileile, niliposhika pampu. Lakini wewe ulishaita majirani ghorofa nzima, unawaambia mwanangu ana miaka kumi na minne na amesuka ringi bila kusaidiwa. Ningesema nini? Nikanyamaza."

"Mimi niliona kabla hujamaliza spoki ya kumi," mzee akasema.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Wakati huo nilikuwa bado nasikia."

Nilisikia mtu akimwita yule binti kwa nyuma, akimharakisha. Akasema lazima aende, wanamhitaji kazini, akasema atapiga kesho, akasema anampenda, akalisema mara mbili ili lisikike. Mzee akajibu haya mwanangu, haya. Simu ikakata na yeye akaendelea kuishika vilevile mbele ya uso.

Mwishowe akasimama mwenyewe, akaiteremsha baiskeli nyekundu. Hakunipa nafasi ya kumsaidia. Akafungua nati, akatoa gurudumu la mbele, akatoa la nyuma, akanikabidhi yote mawili. Fremu akairudisha ukutani, na cheni yake ikaning'inia bila pa kushika.

Kwenye karakana tukaangalia matairi. Yalikuwa na upepo, lakini raba ya miaka yote ile hupasuka kama ngozi ya kisigino, na mpya za saizi ile angalau bado zinapatikana. Nikaandika: MEMBAMBA AU MANENE? Membamba ni mepesi, ila kila shimo la barabara linakupanda mpaka shingoni. Akachagua manene, inchi moja na robo, mazuri kwa mgongo wa umri wake. Meusi tupu akayakataa, akachukua yenye ubavu wa kahawia. Ya binti yake yalikuwa hivyo.

Halafu nikamwonyesha ile valvu. Nikamwandikia kwamba nikipewa dakika arobaini naifumua ringi ya nyuma yote, naisuka upya, valvu inakaa mahali pake na hatasumbuka tena. Nilimaanisha kumsaidia. Nilimaanisha pia kwamba gurudumu lile litatoka kwangu, na fundi mwingine akiliona atasema ni kazi yangu.

"Iache," akasema.

Nikaiacha. Nikaifunga na kosa lake, nikakaza cheni, nikarekebisha raba za breki, nikachukua pampu nijaze upepo. Vidole vyangu vikakwama kati ya spoki, nikatoa tusi moja dogo. Yeye akaniondoa kwa upole, akapenyeza vidole vyake viwili kwa pembeni, akakibana kichwa cha pampu palepale bila kutazama. Mkono uliokuwa umeshazoea. Akajaza mwenyewe mpaka likawa gumu, akapanda, akaenda.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa bado nafungua milango, sijatoa hata kiti nje, nikasikia breki. Nikageuka. Gia Moja, mguu mmoja chini, kibanio kwenye suruali, matairi yake mapya safi. Nikatazama saa. Saa mbili na nusu.

Nikanyanyua mikono kumwuliza, mbona mapema hivi?

"Nilikuwa natayarisha baiskeli mbili," akasema. "Leo nimetayarisha moja."

Alibaki amesimama pale, na ile nusu saa hakuwa na pa kuipeleka. Nikatoa viti viwili nje. Akakaa kimoja, mimi nikakaa kingine, mpaka saa tatu ilipofika, akainuka, nikamdondoshea tone lake la mafuta, akashika njia ya bwawani.